Walivyouchubua Uso Wangu Picha kwa Picha

Mtu akisema mbele yangu kwamba "kompyuta ndiyo imefanya", hasira hunipanda. Kompyuta haijiamulii. Mbele yake kuna mtu ameketi, ameshika kipanya, na nyuma ya huyo mtu kuna mwingine amesimama, anamwambia bonyeza hapa. Mie nilikuwa yule aliyeketi. Najua ninachosema.

Ilikuwa miaka ya tisini, inaelekea ukingoni. Vituo vya televisheni vya watu binafsi vilishaanza, na kila mwenye kiwanda, duka la magodoro au shule ya udereva alitaka tangazo. Studio zikaota kama uyoga. Yetu ilikuwa Mikocheni, kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya ghala la mabati. Sebule ndiyo ilikuwa chumba cha kupigia picha, na chumba cha watoto, ambacho bado kilikuwa na vibandiko vya katuni ukutani, ndicho nilichokaa na kompyuta. Nilikuwa natoka Tandika, nyumbani kwa mama yangu, na niliajiriwa kama mchapaji. Bosi alipoileta ile kompyuta kutoka Dubai hakuna aliyejua kuiendesha, basi nikapewa kitabu chake na kuambiwa, "Wewe si umesoma uhazili? Soma na hiki."

Nikasoma. Nikaipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mikono yangu.

Mambo yalikuwa hivi. Kanda inachezwa kwenye deki, video inaingia kwenye kompyuta. Humo ndani unaiamuru iikate ile video iwe picha za mgando, ishirini na tano kwa kila sekunde, kila picha na faili lake na namba yake. Unafungua moja, unaitengeneza, unaihifadhi, unafungua inayofuata. Ukishamaliza zote unaiamuru izishone upya kwa kufuata namba, ziwe video tena, kisha unairudisha kwenye kanda. Kusema ni rahisi. Mara yangu ya kwanza nilizipa namba moja, mbili, tatu, hadi mia na ushee, nikashona, nikaona mtu wa kwenye video anaruka mbele na kurudi nyuma kama amepagawa. Kumbe kompyuta ilianza na moja, ikafuata kumi, ikafuata mia, ndipo ikaja mbili. Nikajifunza kutanguliza sifuri: 001, 002, 003. Nikajifunza pia kwamba kuna namna ya kuhifadhi inayobana picha iwe nyepesi, lakini kila unapoihifadhi upya inapoteza kitu, na kilichopotea hakirudi. Diski yenyewe ilikuwa ndogo, inabeba sekunde chache tu, kwa hiyo ilibidi nifanye kipande, nikitoe, nifute, ndipo niingize kingine. Na umeme wa mgao juu yake.

Sifa zangu zilianzia kwenye kreti la soda. Tulipiga tangazo la mgahawa, na nyuma ya kichwa cha mpishi likaonekana kreti la kampuni nyingine, siyo ile iliyolipia tangazo. Nililifuta, picha moja baada ya nyingine, nikapaka rangi ya ukuta mahali pake. Ilipochezwa hakuna aliyejua kama palikuwa na kreti. Bosi aliita watu waje kutazama. Tangu siku hiyo kila mteja aliyeingia aliambiwa, "Sie tuna binti hapa anafuta kitu mpaka unasahau kama kilikuwepo." Nilikuwa nafurahi akisema hivyo. Majigambo hayohayo ndiyo yaliyowaleta watu wa kiwanda cha sabuni.

Tangazo lao lilikuwa jepesi. Mwanamke anainamia beseni, ananawa uso kwa sabuni yao ya rangi ya waridi, ananyanyua kichwa matone yakimchuruzika, anatabasamu. Msichana waliyempanga, aliyekuwa ameshiriki mashindano ya urembo, hakutokea. Jua likawa linahama. Mpiga kamera, mtu mzima kutoka Iringa ambaye sote tulimwita mzee, alikuwa ameshaweka kila kitu tayari uani. Bosi akageuka huku na huku, macho yakatua kwangu.

"Wewe, hebu vua hiyo miwani."

Nikavua. Nikainama, nikanawa, nikanyanyua kichwa, nikatabasamu. Tukarudia mara kadhaa, na siku hiyo nilinawa uso mpaka vidole vikanywea. Mwishoni mzee akatoa jicho kwenye kamera, akasema, "Mwanga umekupokea, binti. Njoo uone."

Nikajiona. Mie ni mweusi. Weusi wa mama yangu, ule unaong'aa ukipata maji. Sikuwahi kujiona mzuri kama nilivyojiona kwenye kile kioo kidogo cha kamera, na sitaona haya kulisema.

Meneja wa masoko wa kiwanda alikuja kesho yake kutazama. Kijana wa tai, ana harufu nzuri. Aliketi nyuma ya kiti changu, pamoja na bosi, mie nikacheza ile video kwenye kompyuta.

"Tangazo zuri sana," akamwambia bosi. "Ishu ni huyu dada."

"Ana nini?"

"Mweusi mno. Sabuni yetu ni ya kung'arisha. Mtu akimwona huyu atajiuliza, sasa imemng'arisha nini?"

Alisema hayo kisogo changu kikiwa mbele ya pua yake. Labda bila beseni, na miwani ikiwa imerudi usoni, hakunitambua. Labda alinitambua.

Bosi akacheka. "Hiyo ndogo, braza. Sie tuna kompyuta." Akanipiga bega. "Huyuhuyu fundi wangu atamfanya mweupe, picha moja moja. Si ndiyo?"

"Huyo ni mimi," nikasema.

Meneja akainama pembeni ya kiti, akanitazama usoni, akatazama skrini, akanitazama tena.

"Aa! Basi rahisi zaidi. Uso unaujua."

Nilingoja aondoke. Nilingoja hadi gari lake likatoka getini, maana nililelewa kutomfokea bosi mbele ya mgeni. Kisha nikamfuata ofisini kwake.

"Bosi, yaani unataka nijichubue?"

"Acha mambo ya uswahilini. Hutachubuka wewe, itachubuka picha."

"Na hiyo picha ni ya nani?"

"Ya mteja."

Nikamwambia, tafuteni msichana mweupe mpige upya, mie nitaishona bure Jumapili. Akasema muda wa televisheni umeshapangwa, hakuna kupiga upya. Nikamwambia basi tuongeze mwangaza wa picha nzima. Akasema jaribu. Nikajaribu mbele yake: beseni likapauka, taulo likapotea, na ile sabuni ya waridi ikawa kama kipande cha chaki. "Unaona?" akasema. "Ni uso tu unaotakiwa. Anza."

Nilianza na picha moja. Nataka ieleweke kwamba niliifungua kwa sababu sikuamini kama jambo hilo linawezekana, nilitaka kuona. Nikachagua rangi, nikaipaka kwa kipanya kwenye paji la uso, nikashuka mashavuni, nikazunguka macho. Aliyebaki kwenye skrini alikuwa na macho yangu na meno yangu, na alionekana kama mtu aliyetoka kuugua muda mrefu wodini. Bosi alikuwa anapita na chai yake. Akasimama mlangoni.

"Hivyohivyo! Sasa zilizobaki."

Niliifunga ile picha bila kuihifadhi, nikachukua mkoba wangu, nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa anakuna nazi. Nilipomweleza akaendelea kukuna mpaka akamaliza kifuu. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Alipoolewa na baba, wifi zake walisema harusini, kwa sauti ya kusikika, kwamba kaka yao ameletewa gunia la mkaa. Mama akawa anajisugua ndimu na mchanga kila asubuhi kabla watu hawajaamka, mpaka mashavu yakatoka damu, mpaka baba akamfumania na kuitupa ile ndimu juu ya paa.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," akasema. "Mie sikuwa na akili. Wewe unayo. Nenda kesho kawaambie hapana, halafu rudi nyumbani ule."

Basi nikaenda. Nikasema sifanyi, na nikasema zaidi: naomba uso wangu utolewe kwenye tangazo hilo. Bosi hakupandisha sauti, na hilo ndilo liliniudhi kuliko yote.

"Toka, hakuna anayekushika. Ila uso unabaki. Hizo picha zimepigwa kwa kanda ya ofisi, kamera ya ofisi, saa za ofisi. Huo uso ni mali ya ofisi."

Mzee wa kamera alikuwa palepale, anafuta lenzi ambayo ilikuwa safi. Nikamgeukia. "Mzee, na wewe huna la kusema?"

Akaendelea kufuta. "Binti, ni picha tu hizo."

Ni yeye aliyeniita nije nione jinsi mwanga ulivyonipokea. Nilimwambia, "Asante, shikamoo," kwa namna ambayo shikamoo haipaswi kusemwa, nikatoka.

Kazi yangu akapewa mtu kutoka kiwanda cha uchapaji, aliyezoea kurekebisha picha za kalenda. Sina ugomvi naye, simjui. Lakini fundi wa kalenda anaijua picha moja, hazijui picha zinazofuatana. Aliupa kila uso weupe wake, kadiri jicho lake lilivyoona siku hiyo. Ukiitazama moja peke yake ni sawa. Ukizishona, weupe wa hii haufanani na wa ile inayofuata, na uso mzima unapepesuka kama taa ya kandili kwenye upepo. Na shingo hakuigusa. Labda alichoka, labda hakuambiwa.

Tangazo likaanza kuonyeshwa kabla ya taarifa ya habari. Televisheni ya mtaa wetu ilikuwa kwetu, ile ndogo ya marehemu baba, kwa hiyo sebule ilikuwa imejaa wanawake na watoto kama ilivyokuwaga kila jioni. Nikajiona nainamia beseni. Weusi wa mikono yangu ukaonekana vizuri. Kisha uso ukanyanyuka, mweupe, unawakawaka, umekaa juu ya shingo nyeusi kama kinyago kilichoazimwa.

Watoto wakapiga kelele, "Dada! Dada yuko kwenye tivii!" Wanawake wakageuka kunitazama uso, kisha shingo. Mama akasimama, akaizima televisheni, akasema habari ya leo haitasomwa.

Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa nimeshapewa jina mtaani. Nikipita, watoto wananiimbia: uso soda ya chungwa, shingo soda nyeusi. Sikuwa nimejipaka hata mafuta ya nazi. Mie niliyekataa ndiye niliyeitwa mchubuaji, nao waliochubua walikuwa Mikocheni wanakunywa chai.

Siku moja bombani, mke mpya wa jirani yetu alinivuta pembeni. Alikuwa mdogo kwangu, ameolewa hata mwaka haujaisha, mweusi kama mie. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Dada, niambie kweli. Ni ile sabuni tupu, au uliongezea kitu?"

"Hakuna kitu. Nitazame. Nimekuwa mweupe mie?"

"Sasa umerudia weusi, si umeacha kutumia."

Nikamweleza. Nikaweka ndoo chini nikamweleza kila kitu, kwamba video inakatwa kuwa picha, kila picha inapakwa rangi na mtu, kisha zinashonwa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Kama hutaki kuniambia, basi."

Nilirudi nyumbani. Nikamwambia mama, mie nakwenda kiwandani. Akasema hutakwenda peke yako. Akavaa buibui lake la sikukuu, akajitia udi kama anakwenda harusini, tukaenda kwa miguu mpaka Chang'ombe.

Tulikalishwa mapokezi muda mrefu. Mama hakuegemea kiti hata mara moja. Hatimaye yule meneja akatoka mwenyewe, na alipomwona mtu mzima akanyoosha adabu zake.

"Shikamoo mama."

Mama hakuitikia.

Mwanamke wa pwani wa makamo yake kutoitikia shikamoo ni jambo ambalo sikuwahi kuliona. Katibu muhtasi aliacha kuchapa. Meneja akadhani hakusikika, akarudia, "Shikamoo." Mama akamtazama tu.

"Mwanangu nilimzaa uso na shingo rangi moja," akasema. "Nimekuja kuuliza uso wake mmeupeleka wapi."

"Mama, unajua hii ni biashara. Ni kompyuta tu ile, hakuna aliyemgusa."

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Kompyuta gani? Ulikaa nyuma ya kiti changu ukasema mweusi mno. Ulisema kwa mdomo wako!"

"Dada, tupunguze sauti."

"Sipunguzi! Una dada wewe? Una mama? Mama yako rangi gani?"

Askari wa getini akaitwa, akaja, akamwona mama amekaa na buibui lake, akabaki amesimama hajui amshike nani. Meneja akasema sawa, atalizungumza na uongozi, tangazo litaondolewa. Akatusindikiza hadi getini kwa heshima zote. Mama alimuaga kwa kutikisa kichwa tu.

Lilionyeshwa miezi mingine. Naweza kuapa kwamba baada ya safari yetu lilionyeshwa mara nyingi zaidi, ingawa labda ni hasira zangu ndizo zilizokuwa zikihesabu. Na lilipoondolewa halikuondolewa kwa sababu ya mama. Liliondolewa kwa sababu madukani watu walikuwa wanaagiza "sabuni ya shingo" na kucheka, na wenye kiwanda hawakupenda kuchekwa. Kilio chetu hakikuwafikia. Kicheko ndicho kilichowafikia, na kilikuwa kicheko cha kunicheka mie.

Kabla halijaondolewa, mzee wa kamera alikuja Tandika siku ya Jumamosi, amevaa kofia, hakai vizuri kwenye kiti. Akatoa kanda kwenye mfuko wa karatasi. "Hii ni ile ya kwanza," akasema. "Nilinakili kabla hawajaanza. Sikuwa na la kusema siku ile, binti. Nina watu wanaonitegemea." Nilipokea kanda. Mama alimpa chai. Mie sikumwambia yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha.

Nikaazima deki, nikawaita wanawake wa mtaani, na yule mke wa jirani nikamfuata mwenyewe mlangoni kwake. Nikawachezea kanda: uso wangu, maji, tabasamu. Kisha tukangoja televisheni, na tangazo likaja kabla ya taarifa ya habari kama kawaida, yaleyale maji, lilelile tabasamu, na ule weupe unaopepesuka. Wanawake wakapiga vigelegele vya hasira, kama kuna vigelegele vya namna hiyo. Mmoja akatukana tusi zito mpaka mama akamwambia kuna watoto. Mke wa jirani akanitazama, na nikaona kwamba sasa ameelewa.

"Kweli, dada, walikupaka," akasema. "Lakini ile ya pili ndiyo nzuri."

Nilimfokea. Sikumbuki maneno yote, nakumbuka kwamba nilimwita mjinga ndani ya nyumba yetu, akiwa mgeni wetu, na kwamba mama alinishika mkono kwa nguvu. Yule binti alilia akaondoka. Mama akaniambia, "Umemfokea asiyehusika." Nikajua ni kweli, na bado hasira haikunitoka, maana wenye kuhusika walikuwa nyuma ya geti lenye askari na huyu alikuwa mbele yangu, na alikuwa ameamini. Baada ya muda mumewe alipata kazi, wakahamia Segerea. Kabla hawajahama mashavu yake yalishaanza kubadilika, mekundu pembeni, na alikuwa akiniona anavuta khanga kujifunika.

Nilikaa bila kazi mpaka mvua za masika zikapita. Kisha nikapata studio nyingine, ndogo, Mabibo, inayotengeneza video za harusi. Siku ya kwanza nilimwambia mwenye studio kwamba mie nakata, nashona, naandika majina kwenye skrini, naondoa waya unaoning'inia na mtu aliyepita mbele ya kamera, lakini sura ya mtu siigusi. Akanishangaa. "Sista, sie ni harusi tu hapa. Nani atataka uguse sura?"

Kabla mwezi haujaisha akaja mama wa bibi harusi, mtu mzuri, mchangamfu, ametuletea na visheti. Akaketi pembeni yangu kumtazama binti yake akitembea na shela, binti mweusi, mzuri, amependeza, macho yanamcheka. Yule mama akatabasamu mpaka mwisho. Kisha akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, nasikia siku hizi mnaweza kumng'arisha mtu ki…"

"Hapana," nikasema, hata hajamaliza. "Shikamoo, mama, lakini hapana."